Greatest hits ya band isiyokuwa na hit hata moja: tulivyoitafuta sauti ya Sula hapa Kampala

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani. Nasoma nyuzi zenu za fumanizi na za kutapeliwa viwanja, nacheka, nakunywa chai yangu, nalala. Leo nimeguswa na mimi niandike.

Haya yamenitokea mwenyewe na wahusika wote wapo hai. Majina nimeyageuza kidogo tu nisije nikagombana na shemeji yangu. Kama kuna chumvi basi ni ile ya kawaida ya mboga.

Twende.

Mimi ni Mkenya wa Nakuru niliyelowea Kampala. Nilikuja kijana kuuza vigae vya sakafu, na mpaka leo nauza vigae vya sakafu, duka liko Ntinda. Tofauti ni kwamba siku hizi wananiita meneja na nina kitambi. Ukiniona na shati langu la mikono mirefu huwezi kuamini kwamba niliwahi kuwa na nywele hadi mabegani na kupiga gitaa la bass kwenye band ya rock.

Ndiyo, rock. Kampala. Chekeni mmalize.

Tena alternative rock, ile ambayo mtu analalamika polepole, analalamika, analalamika, halafu anapasuka. Na tulikuwa tunaimba kwa Kiswahili.

Kwa ambaye hajakaa Uganda ngoja nieleze. Hapa Kiswahili kwa watu wengi wa makamo ni lugha ya askari. Ni lugha ya "simama hapo, toa kitambulisho". Ukimsalimia mtu kwa Kiswahili kilichonyooka, kwanza anakuangalia kiunoni kama una kitu. Sasa fikiria vijana watatu wanapanda jukwaani kwenye baa ya watu wanaokula nyama yao kwa amani, wanaanza kufoka kwa Kiswahili.

Show yetu ya kwanza, mzee mmoja alimfuata drummer wetu akamwuliza kwa heshima zote, "Ssebo, nyinyi mumetoka kambi gani?"

Ndipo tukajiita Kizuizi. Tukasema kama wanatuona askari, basi na tuwe kizuizi cha barabarani kabisa.

Tulikuwa watatu. Mimi kwenye bass. Kizito kwenye drums, Muganda wa Kyebando, mkono mzito na machozi ya karibu. Na Sula, aliyeimba na kupiga gitaa.

Sula ni wa zile familia za Kiislamu za zamani pale Old Kampala, ambao mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa, wakabaki. Kwao Kiswahili ni cha nyumbani, kile laini cha kumbembelezea mtoto. Baba yake ni maalim. Sula mwenyewe kila alasiri alikuwa anafundisha watoto wadogo kwenye chuo cha Kurani cha baba yake, halafu jioni anakuja Kyebando kupiga kelele na sisi. Maalim alijua. Alimkataza jambo moja tu, asipige gitaa wakati wa swala, na Sula alitii hata kama tuko katikati ya wimbo. Mimi na Kizito tulikuwa tunabaki tunapiga wenyewe kama wajinga mpaka arudi.

Sasa kuna kitu kuhusu Sula naomba mkishike.

Akiimba, sauti yake ilikuwa kama gunia linaburutwa kwenye changarawe. Akiongea alikuwa mtu mwingine kabisa. Sauti ya chini, ya upole, ya mwalimu wa watoto. Na alikuwa na tabia moja jukwaani iliyotuaibisha sana. Kabla ya wimbo wa kwanza anasogea kwenye mic anasema, "Hamjambo?"

Halafu anasubiri.

Chuoni watoto wanajibu "Hatujambo, maalim!" paa la bati linatikisika. Baa watu wanamtazama tu, chupa mkononi. Kimya. Mtu anakohoa. Sula bado anasubiri. Mpaka Kizito anagonga cymbal kuua soo.

Tulimwambia aache. Akasema, "Nikishamsalimu mtu siwezi kumkatia zamu yake ya kujibu." Hakuacha mpaka band inakufa.

Enzi zile bwana. Mazoezi tulifanya Kyebando, kwenye stoo ya Senga, shangazi yake Kizito, ambaye alikuwa muuza mkaa. Tulitandika magodoro ya zamani ukutani kupunguza kelele, magunia ya mkaa yakiwa yamepangwa huku na huku. Ukitoka mle baada ya mazoezi pua nyeusi, meno meupe, watu wanadhani umetoka kuzima moto. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika, magitaa yananyamaza ila Kizito anaendelea. Senga anapiga kelele kutoka nje, "Kizito, bambi, mpaka stima ikose ndiyo unapata nguvu?"

Mvua ikinyesha kwenye bati huwezi kusikia chochote. Tunakaa tu juu ya magunia tunakula gonja, zile ndizi za kuchoma za Senga, tunapanga tutakavyotembea dunia nzima. Kizito alikuwa ameshachagua mpaka rangi ya basi letu.

Basi halikuja, wakuu. Redio hazikutupiga. Tulikuwa na mashabiki wetu, mnaweza kuwaita wachache lakini walikuwa wanajua maneno yote. Halafu maisha yakafanya kazi yake. Mimi nikapandishwa cheo. Kizito akaokoka akahamishia drums kanisani. Sula akamwoa Zaituni na kukaa kwenye duka la vitambaa la familia. Hatukugombana hata siku moja. Band iliisha kama sabuni, unatumia mpaka siku moja huioni.

Sasa hapa ndipo panauma.

Miaka kadhaa baadaye Sula alianza kukwaruza koo. Tukamtania kwamba ni laana ya kufoka. Kumbe ni jambo kubwa. Madaktari wakasema ili aishi ni lazima waondoe kisanduku cha sauti chote.

Kikaondolewa. Sula akaishi, nashukuru Mungu kila siku kwa hilo. Anapumulia tundu dogo hapa shingoni, analifunika na kitambaa kizuri maana duka ni la kwake. Wateja anawaandikia kwenye simu. Watu wamezoea. Ila kuongea, basi tena.

Binti yake Nuru alikuwa bado ananyonya wakati huo.

Sasa Nuru yuko nasari. Hajui kusoma bado, kwa hiyo ile simu ya baba yake haimsaidii. Wao wana lugha yao. Sula akipiga kofi moja maana yake ni ndiyo. Makofi mawili ni njoo. Nuru akiwa nje anacheza na wenzake akisikia pa-pa, anatimua mbio nyumbani.

Najua kuna mtu atauliza, hamna voice note? Hamna video? Mkuu, nilijua utauliza. Sula hakuwahi kutuma voice note, alisema ni kumlazimisha mtu akusikilize. Video ya nikaha ipo. Neno lake ni moja tu, "Nimekubali", na hapo hapo kuna mzee anakohoa juu yake. Zilizobaki ni za miezi ya mwisho, sauti imeshaharibika.

Idd iliyopita nilialikwa kwao na familia yangu, Kizito naye akaja. Tumekula pilau, tumejilaza kwenye mkeka, Nuru akanisogelea.

"Anko Mwangi, baba alipokuwa anaongea, alikuwa anaongeaje?"

Nikajaribu kumwigiza. Nikashusha sauti, nikalainisha, nikasema hamjambo wanangu. Nuru akanikazia macho, akasema, "Hiyo ni sauti yako."

Zaituni aliinuka akaenda jikoni na sahani ambazo zilikuwa bado na chakula.

Sula akachukua simu akaniandikia: Nyimbo zetu zipo?

Pale pale tukakubaliana. Tutoe album ya mkusanyiko, greatest hits ya Kizuizi, mtoto asikie. Sula akaandika: Hits zipi? Akacheka. Akicheka siku hizi ni mabega tu yanaruka.

Wakuu, kuzipata hizo nyimbo ilikuwa kazi.

Producer wetu alishahama nchi na kompyuta yake ilikufa zamani. Tovuti tulizopandisha nyimbo hazipo tena. Nakala ya Kizito iliondoka na mafuriko. CD yangu mimi nikaitafuta nyumba nzima, mwishowe mke wangu akanionyesha kwa kidole. Iko kwenye baraza, amening'iniza juu ya nyanya zake kufukuza ndege. Ilifanya kazi hiyo vizuri kuliko ilivyowahi kufanya ya muziki.

Kizito ndiye aliyekumbuka. "Mwangi, ule mwizi! Kaveera!"

Kaveera hapa ni mfuko wa plastiki. Na DJ Kaveera alikuwa jamaa wa Kyebando mwenye kibanda cha kuchoma CD. Alitengeneza CD yake aliyoiita Best of Kizuizi bila kutuuliza, akaifunga kwenye kaveera, akaiuza. Kava ilikuwa na picha ya wazungu wanne ambao hatuwajui mpaka leo. Wakati ule Kizito alitaka kumpiga. Sula ndiye aliyemtetea, tena akaenda kumrekodia na drop.

Drop, kwa msiojua, ni ile msanii anasema "hapa ni fulani, unamsikiliza DJ fulani". DJ wa huku bila drop ni kama hajavaa nguo.

Tuliulizia Kyebando, tukaambiwa amehamia Luzira. Tukamkuta kwenye kibanda njia ya kwenda Port Bell, anachaji simu za watu na kuwawekea kwenye flash filamu zilizotafsiriwa kwa Kiganda. Amenenepa kama mimi. Alipotuona akainua mikono juu.

"Ma-star yangu! Nani alipeleka nyinyi mpaka Arua kule mbali? Ledio ilikataa nyinyi. Mimi Kaveera ndiyo nilipeleka!"

Kizito alikuwa anahema kwa pua. Nikaeleza shida yetu, nikaeleza habari ya Sula. Kaveera akakaa chini. Akafuta uso kwa mkono.

"Ule mwalimu? Banange. Hana tena sauti?"

Akaingia ndani akatoka na hard disk kuukuu, akaichomeka. Ilikuwa inalia kama mtu anatafuna mifupa. Akasema, "Musiguse meza. Hii ikizima, haiwaki tena." Tukasimama pale hata kupumua tunaogopa, nyimbo zikawa zinaingia kwenye flash ya Kizito moja moja. Zilipoisha akasema, "Lakini jina yangu iwe kwa kava. Kubwa."

"Mwizi anataka jina kwa kitu yenye aliiba!" Kizito akalipuka.

"Sasa kama sikuiba, leo mungechukua wapi?"

Tukakubali jina liwekwe.

Kutoka hapo tukampelekea Patience. Huyu ni binti wa studio moja ndogo pale Ntinda, mtaalamu wa sauti, nilimfahamu aliponunua vigae. Tukakaa wote wanne, Sula akiwemo, tukasikiliza.

Jamani. Nyimbo zilikuwepo. Mkaa. Mvua ya Kyebando. Toa Kitambulisho. Nilikuwa nimesahau kwamba tulikuwa wazuri kiasi kile. Sula alifumba macho, vidole vyake vinatembea kwenye paja kana kwamba ana gitaa.

Tatizo ni Kaveera. Kila wimbo, tena pale pale penye uchungu zaidi, Sula anamlilia mtu aliyeondoka, ghafla unasikia: "KAVEERAAA! Pakia! Funga! Peleka!" Na mlio wa bunduki za mchezo wa kompyuta.

Patience akauliza, "Nitoe vyote? Kila kitu ambacho si muziki?"

"Kila kitu," mimi na Kizito tukasema kwa pamoja.

Mwanzoni mwa Mkaa kulikuwa na ile drop ya Sula. Ilianza tu, "Hamja...", Kizito akasema, "Na hiyo pia, hiyo ni ya Kaveera." Patience akamwangalia Sula. Sula akatikisa mkono kama anafukuza inzi, toa. Hata kuisikiliza hatukuisikiliza.

Wanamuziki ndivyo tulivyo. Masikio yetu yanaanza kazi gitaa likianza.

Patience alifanya kazi ya ajabu. Programu za siku hizi zinachambua sauti kama mtu anachambua mchele. Siku alipomaliza tulipeleka nyimbo kwa Sula kwa mbwembwe, na spika yangu ya dukani. Tukamkalisha Nuru katikati, tukabonyeza Toa Kitambulisho.

Nuru alisikiliza mpaka pale Sula anapopasuka. Akaziba masikio.

"Mbona baba amekasirika?"

Nikamwambia hajakasirika, anaimba.

"Ndivyo alivyokuwa anaongea hivyo?"

"Hapana mwanangu," Zaituni akasema. Kisha akatugeukia sisi. "Kwani ile salamu iko wapi?"

Salamu gani?

"Ile ya kwenye CD ya yule mwizi wenu. Saluni kwa dada yangu walikuwa wanaipiga kila siku, mimi nasukwa, nasikia mtu anasema hamjambo halafu ananyamaza. Nikawa najibu moyoni. Mimi hizo kelele zenu sijawahi kuzielewa, mnisamehe. Sula nilimpendea ile salamu."

Sula alimwangalia mkewe kama mtu anayeambiwa habari mpya, na ilikuwa habari mpya, hakuwahi kuijua. Mimi na Kizito hatukuangaliana.

Mtoto aliuliza baba yake alikuwa anaongeaje. Sisi watu wazima watatu tukamletea nyimbo, na kitu pekee kilichojibu swali lake tulikiagiza kitupwe.

Nikamwambia Kizito, flash. Kizito akashika kichwa. Ilikuwa flash ya kanisa, alishaifuta akaweka nyimbo za kwaya za mazoezi.

Tukakimbia Luzira. Kaveera alipotuona safari hii hakuinua mikono. Ile hard disk ilikufa wiki ileile tuliyoondoka. Aliichomeka mbele yetu, hata ule mlio wa mifupa haukutoka. Akaipulizia, akaigonga kwa kiganja, akaijaribu tena. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Ule mwalimu alinirekodia bure. Hakuna star mwingine alifanya hivyo kwangu."

Patience tukampigia, simu imezimwa. Studio imefungwa. Jirani akasema ameenda msibani kwao, huko mbali mtandao ni wa shida. Siku zile za kumsubiri sikula vizuri. Dukani mteja ananiuliza kigae cha bafuni, mimi namwonyesha cha jikoni. Kizito alifunga na kuomba, na najua Sula naye alikuwa anaomba, kila mmoja kwa njia yake. Sula hakutulaumu hata kwa neno. Aliniandikia tu: Mimi mwenyewe nilipunga mkono.

Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Patience aliporudi alitukuta tumekaa kwenye ngazi za studio. Nikamweleza, akanitazama kwa mshangao.

"Anko, mimi situpi kitu mpaka album ya mtu itoke. Vyote nilivyotoa vimo ndani ya Kasasiro."

Kasasiro ni takataka kwa Kiganda. Ni folda yake, ndani ya kompyuta, anamoweka kila anachokata. Akaifungua. Vyote vilikuwa vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, kwa hiyo ikabidi tuvumilie.

KAVEERAAA! Pakia! Funga! Peleka!

Bunduki.

KAVEERAAA! Pakia! Funga! Peleka!

King'ora. Kaveera anacheka. Kaveera anajitaja tena. Sijawahi kumsikiliza mtu kwa heshima namna ile. Kisha kukawa na mlio mdogo wa mtu anasogeza kiti, na jogoo kwa mbali huko Kyebando, na ile sauti.

"Hamjambo?"

Kimya.

"Vizuri sana. Mimi naitwa Sula. Haya, kaeni vizuri, tuanze."

Basi. Hata jina la Kaveera hakulitaja, alisahau. Ndiyo drop mbovu kuliko zote katika historia ya drop. Kizito alilia mpaka Patience akamletea maji.

Patience akauliza kama apunguze kile kimya katikati, kwa sababu kitaalamu ni kirefu mno, msikilizaji atadhani kuna hitilafu. Nikaliandika swali lile kwenye simu nikamtumia Sula. Jibu likaja neno moja: Kiache.

Ijumaa ile baada ya swala tukakusanyika kwa Sula. Kaveera naye alikuja, amevaa suti, kwa sababu jina lake liko kwenye kava. Kubwa. Tuliweka spika juu ya kabati. Nuru alikuwa kwenye mkeka anapanga vifuniko vya soda, ametupa mgongo. Baada ya zile kelele za mara ya kwanza hakuwa na hamu na sisi.

Nikabonyeza.

Kiti. Jogoo. "Hamjambo?"

Kimya.

"Hatujambo!" Nuru akajibu. Hata kichwa hakuinua, alijibu kama anavyojibu kila mtu mzima anayeingia nyumbani kwao.

"Vizuri sana," sauti ikamwambia. "Mimi naitwa Sula. Haya, kaeni vizuri, tuanze."

Nuru akakaa vizuri. Akakunja miguu. Halafu ndipo akasimamisha mkono wenye kifuniko hewani, akageuka, akamtafuta baba yake.

Sula alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Irudieni," Nuru akasema. "Nataka kumjibu tena."

Tukarudia. Akajibu. Tukarudia. Zaituni naye akajibu, safari hii kwa sauti, machozi yanamtiririka na hayafuti. Mara ya nne sote tulijibu, na Kaveera na suti yake, paa likatikisika kama chuoni.

Kisha Nuru akauliza, "Baba, umenisikia nilivyojibu?"

Sula akapiga kofi moja.

Halafu akapiga mawili. Nuru akaviacha vifuniko vyake akamkimbilia.

Wakuu, mimi si mtu wa mafunzo, lakini nimejifunza moja nawaachia. Watu wenu warekodini wakiongea mambo ya kawaida. Wakiuliza chumvi iko wapi, wakimgombeza kuku, wakisalimu. Mtu akishaondoka, au akinyamaza, hutatafuta hotuba yake. Na mkifanya usafi, kasasiro ikae kwanza kabla ya kumwaga.

Album imetoka. Hatutegemei utajiri, Kizito tu ndiye ameanza tena habari za rangi ya basi. Kwa mlio Kampala mlionunua ile CD ya wazungu wanne, jitokezeni hapa chini, na mliowahi kupoteza sauti ya mtu wenu simulieni, nitasoma zote.

Na ukiipata album, ujue namba moja si wimbo. Utasikia kiti, utasikia jogoo, utasalimiwa, halafu kimya kirefu. Usiitikise simu yako, haijakwama.

Ni zamu yako.